Mshahara wa Askari wa Marekani: Vidokezo kwa Aliyevaa Gwanda na Wanaomsubiri Nyumbani

Habari kwamba kijana wa fulani ameingia jeshi la Marekani hufika Eldoret au Mbeya kabla mwenyewe hajamaliza mafunzo ya mwanzo, na makadirio ya mshahara wake huja nazo papo hapo. Kwa kawaida makadirio hayo huzidi ukweli. Tusiwalaumu wanakijiji peke yao. Hata mwandikishaji aliyemketisha kijana ofisini alimwonyesha jumla moja nono iliyochanganya mshahara, posho, nafuu ya kodi, matibabu na ada ya chuo, yote kwenye karatasi moja.

Kiswahili si kigeni katika jeshi hilo. Wakenya, Watanzania, Wakongo na Warundi wenye kibali cha ukaazi wa kudumu wamekuwa wakijiunga kwa miaka mingi, na ule mpango wa kuandikisha wageni wenye ujuzi maalumu, MAVNI, ulipoanza 2009, Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizotafutwa. Mpango ulisimamishwa 2016, lakini maswali ya hela yamebaki. Viwango nilivyotaja hapa ni vya 2025. Hubadilika kila Januari, kwa hiyo thibitisha kabla ya kuahidi mtu kiwanja.

1. Tenga mshahara na posho kabla hujahesabu lolote

Ukikumbuka kidokezo kimoja tu, kumbuka hiki. Mshahara wa msingi hupangwa na vitu viwili: cheo na miaka ya utumishi. Jedwali ni la wazi, mtu yeyote anaweza kulisoma. Mpishi, fundi wa helikopta na karani wenye cheo kimoja na miaka sawa hulipwa mshahara mmoja, wawe Alaska au Texas. Mwaka 2025 askari wote waliongezewa asilimia 4.5 mwezi Januari, kisha wa vyeo vya chini, E-1 mpaka E-4, wakaongezewa asilimia 10 nyingine kuanzia Aprili. Hata hivyo askari wa cheo cha chini kabisa alibaki na dola 2,300 na ushei kwa mwezi kabla ya makato. Mjomba anayesubiri gari asubiri kidogo.

Posho ni fungu jingine. Kubwa ni mbili: ya nyumba, inayoitwa BAH, na ya chakula, BAS. Hazikatwi kodi, na ndiyo maana askari mwenye familia anaweza kubaki na fedha nyingi mfukoni kuliko raia mwenye mshahara unaofanana na wake. Ila posho haihesabiwi kwenye pensheni. Haihesabiwi pia serikali inapochangia akiba yako, wala unapouza siku za likizo ulizobakiza. Kote huko hutazamwa mshahara wa msingi peke yake.

2. Soma LES yako mpaka chini kabisa

LES ni hati ya mshahara. Hutoka mara moja kwa mwezi kwenye tovuti ya myPay, ingawa fedha huingia mara mbili, tarehe 1 na tarehe 15. Ina safu tatu: unachostahili, unachokatwa, na ulichoagiza kipelekwe kwingine. Chini yake kuna hesabu ya likizo, siku mbili na nusu kwa kila mwezi, yaani 30 kwa mwaka. Mwisho kabisa kuna maelezo yaliyoandikwa kwa herufi kubwa ambayo hakuna anayeyasoma. Yasome. Deni, posho iliyositishwa, mabadiliko ya kodi, yote hutangazwa pale kabla hayajakuuma.

Ukiona fedha zimezidi bila sababu, zisikuchekeshe. DFAS, ofisi inayolipa askari wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, itazidai hata ikichukua miaka, na itazikata kutoka mshahara huohuo. Mfano wa kila siku ni askari aliyepewa talaka au kuhamia bweni, posho ya nyumba ikaendelea kuingia kwa kiwango cha zamani. Peleka taarifa ofisi ya fedha kwa maandishi, tunza nakala, na usiguse hata senti.

3. Posho ya nyumba hufuata kituo cha kazi

BAH hutegemea cheo, kama una wategemezi au la, na msimbo wa posta wa kituo chako. Haiangalii unalala wapi. Ukipangiwa San Diego utapata posho ya San Diego, na ukipata nyumba nafuu au ukiishi na mwenzako mkagawana kodi, kinachobaki ni chako kihalali. Kwa upande mwingine, viwango vimepangwa kufidia asilimia 95 ya makadirio ya gharama, hivyo ukipanga ghorofa ya mbwembwe utaongezea mwenyewe.

Kiwango kikipunguzwa Januari, hakikugusi wewe uliyekuwepo tayari, mradi hujahama kituo, hujashushwa cheo na hali ya wategemezi haijabadilika. Kikipanda, unapanda nacho.

Askari kijana asiye na mke wala mtoto mara nyingi hulala bweni la kambi na BAH kamili haipati. Posho yake ya chakula, dola 465.77 kwa mwezi, nayo huingia mlango mmoja na kutoka wa pili, kwa sababu sehemu kubwa hukatwa kulipia mesi. Hili ndilo nyumbani hawalijui. Askari wawili wa cheo kimoja, mmoja ameoa na mwingine hajaoa, wanaweza kupishana kwa zaidi ya dola 2,000 kwa mwezi katika miji ya ghali.

Hapo ndipo inapozaliwa ndoa ya karatasi. Mtu huoa rafiki ili wagawane posho, kila mmoja na maisha yake. Usijaribu. Ni udanganyifu, wapelelezi wa jeshi wanaufahamu mchezo huo vizuri, na mwisho wake ni mahakama ya kijeshi na kurudisha kila dola. Kwa mtu ambaye uraia wake unategemea utumishi wenye heshima, hasara ni mara mbili.

4. Unamtunza mama Kisumu? Tunza na risiti

Mzazi anaweza kuandikishwa kuwa mtegemezi, lakini kwa masharti yenye meno. Lazima uthibitishe kwamba unalipia zaidi ya nusu ya gharama za maisha yake. Kumtumia mama fedha kila Krismasi hakutoshi. Wanaochambua maombi hutaka kujua anatumia kiasi gani kwa chakula, pango, dawa na umeme, ana kipato gani cha kwake, na wewe umelipa nini.

Sasa hapo utaratibu wetu wa kutumiana hela ndio unaokwamisha watu. Umemtumia kaka, kaka kamtumia dada, dada kampelekea mama taslimu na kilo mbili za sukari. Mama ameshiba, lakini karatasini hakuna kitu. Tuma moja kwa moja kwa jina lake, kwa M-Pesa au benki, kila mwezi, kiasi kinachofanana, na hifadhi kila ujumbe wa muamala. Madaktari na wenye nyumba waandike risiti zenye jina lake. Uthibitisho huo hurudiwa kila baada ya muda, kwa hiyo usitupe faili ukikubaliwa.

5. Kiswahili chako kinaweza kulipwa

Majeshi ya Marekani yana posho ya lugha kwa wanaofaulu mtihani, hadi dola 500 kwa mwezi kwa lugha moja. Kila tawi lina orodha yake ya lugha linazolipia na kazi zinazostahili, na orodha hubadilika, kwa hiyo kuzungumza tu hakukuhakikishii malipo. Hata hivyo omba kupimwa. Na jiandae kidogo: mtihani hupima kusikiliza na kusoma habari za siasa na uchumi kwa Kiswahili sanifu, na wapo waliolelewa kwa Sheng wakatoka na alama za kuwashangaza.

6. Yajue makato kwa majina yake

Hifadhi ya jamii hukata asilimia 6.2 ya mshahara wa msingi, bima ya afya ya wazee asilimia 1.45. Kuna kodi ya serikali kuu, na huenda kuna kodi ya jimbo. Jimbo linalohesabika ni lile la makazi yako kisheria, ambalo si lazima liwe ulipopangiwa kazi. Texas na Florida hazitozi kodi ya mshahara, na mtu aliyeishi huko kweli na kukusudia kurudi anaweza kubaki mkaazi wa huko hata akihamishiwa Virginia. Leseni ya udereva na kadi ya kupigia kura viseme jambo lilelile, maana ukaazi wa kwenye fomu tu utakuumbua.

Baada ya miezi ya mwanzo ya utumishi, utaulizwa kuhusu mpango wa zamani wa masomo unaokata dola 100 kwa mwezi kwa miezi 12. Wengi husaini bila kujua. Uliza kwanza, kwa kuwa mpango mpya, ule uliokuja baada ya Septemba 11, haukati kitu, hulipa miezi 36 ya masomo, na baada ya miaka sita ya utumishi unaweza kumhamishia mke, mume au mtoto ukikubali kutumikia minne zaidi.

Halafu kuna SGLI, bima ya maisha ya dola 500,000. Tangu Julai 2025 hugharimu dola 26 kwa mwezi, na kwa askari hakuna bima rahisi kuliko hiyo. Hapa nakazia: angalia jina la mrithi uliloandika. Fedha hulipwa aliyeandikwa, nukta. Wosia haubadilishi, kikao cha ukoo hakibadilishi, na mke mpya hapati kitu ikiwa fomu bado ina jina la mchumba wa 2019. Tazama fomu hiyo kila ukioa, ukiachana, ukizaa au ukifiwa. Na usimwandike mtoto mdogo moja kwa moja bila kuuliza wanasheria wa kambi, maana ushauri wao ni bure na mahakama ikishaingilia fedha za mtoto, mambo huchelewa.

7. Ukipelekwa mbali, kuna milango inayofunguka kwa muda

Katika maeneo yaliyotangazwa ya vita, mshahara wa askari asiye afisa hauna kodi ya serikali kuu kwa mwezi mzima, hata kama alikuwepo siku moja tu ya mwezi huo. Malipo ya hatari hufika dola 225 kwa mwezi. Ukitenganishwa na familia zaidi ya siku 30, kuna posho yake.

Mlango usiotumiwa ipasavyo ni ule mpango wa akiba wa walio ughaibuni kikazi, ambao hulipa asilimia 10 kwa mwaka kwa amana isiyozidi dola 10,000. Unaruhusiwa kuanza baada ya siku 30 ukiwa eneo husika, na riba huendelea mpaka siku 90 baada ya kuondoka. Benki ya kawaida haikupi hivyo bila kukuweka hatarini. Asiyekula riba anajua msimamo wake. Wengine wote sioni kinachowazuia.

8. Ijue pensheni yako ni ipi

Yeyote aliyeingia tangu tarehe 1 Januari 2018 yuko kwenye mfumo mseto, BRS. Waliotangulia wengi wako kwenye ule wa zamani. Yote miwili hudai miaka 20 ya utumishi, na yote miwili hutumia wastani wa miezi 36 ya mshahara wa juu kabisa. Tofauti ni kizidisho: mfumo wa zamani hutoa asilimia 2.5 kwa kila mwaka, mpya hutoa 2.

Tuseme sajini anastaafu baada ya miaka 20 na wastani wake ni dola 5,500. Mfumo wa zamani ungempa nusu, dola 2,750 kwa mwezi. Mfumo mpya unampa asilimia 40, dola 2,200. Lakini sajini huyo hakuwa akiishi kwa dola 5,500. Alikuwa na BAH, tuseme dola 2,000, na BAS yake, jumla karibu 8,000. Kwa hiyo mwezi wa kwanza wa ustaafu anapata kama asilimia 28 ya alichozoea, na hizo 2,200 zina kodi ya serikali kuu. Watu wanaokaririshwa kwamba pensheni ni karibu nusu ya mshahara hununua nyumba kwa hesabu hiyo, kisha mkopo unawatoa jasho.

Nitasema pia lisilopendeza: wengi hawafiki miaka 20. Chini ya mfumo wa zamani takriban wanane katika kila kumi waliondoka bila pensheni yoyote, na hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya Bunge la Marekani kubuni mfumo mseto. Ukitoka na miaka minane, pensheni ya kila mwezi ni sifuri. Unachoondoka nacho ni akiba yako.

9. Kwa hiyo, asilimia 5 kwenye TSP, bila mjadala

TSP ni mfuko wa akiba ya uzeeni wa watumishi wa serikali kuu. Chini ya BRS serikali hukuwekea asilimia 1 ya mshahara wa msingi baada ya siku 60, uchangie usichangie. Ukishatimiza miaka miwili, huanza kukulipia na mchango wako: asilimia 3 za kwanza dola kwa dola, 2 zinazofuata nusu dola kwa kila dola. Mwenye mshahara wa dola 3,000 akiweka 150, serikali nayo inaweka 150. Akiweka 90 peke yake, anapewa 120, na zile 30 amezikataa kila mwezi kwa mkono wake.

Siku hizi askari mpya huandikishwa moja kwa moja kwa asilimia 5. Wapo wanaoingia myPay na kuipunguza ili watume zaidi nyumbani. Naelewa shinikizo hilo. Bado nadhani ni afadhali kupunguza kinachotumwa kuliko kukataa fedha unazopewa, maana nyumbani wataomba tena mwezi ujao na serikali haitakurudishia mwezi uliopita.

Ndani ya TSP kuna mifuko michache. G hauna hatari na hukua taratibu. C hufuata kampuni kubwa 500 za Marekani. Ile ya L huchanganya yote kulingana na mwaka unaotarajia kuanza kutumia fedha, na ndiyo huwekewa asiyechagua. Kijana wa miaka 22 aliyeweka kila kitu kwenye G kwa kuogopa hasara anapaswa kujiuliza upya. Chagua pia aina ya Roth ukiwa cheo cha chini: unalipa kodi sasa wakati ni ndogo, na uzeeni ukitimiza masharti hulipi tena.

Na nyumba ya kijijini? Ijenge, ila si kwa TSP. Kutoa kabla ya umri wa miaka 59 na nusu mara nyingi huleta adhabu ya asilimia 10 juu ya kodi, na fundi naye hana huruma na makadirio. Zile fedha za misheni, zisizokatwa kodi, ndizo zinafaa saruji.

10. Bonasi si zawadi

Bonasi ya kujiunga au kuongeza mkataba ikikatwa asilimia 22 ya kodi kabla haijakufikia, usidhani umeibiwa. Soma kilichoandikwa kuhusu kutomaliza mkataba, kwa sababu sehemu ambayo hujaitumikia hudaiwa. Walio kwenye BRS hupata pia malipo ya kuendelea, kati ya mwaka wa 7 na wa 12, angalau mishahara miwili na nusu ya msingi kwa walio kazini muda wote, kwa ahadi ya miaka mitatu zaidi au hata zaidi ya hapo. Kama ulishaamua kubaki, chukua.

11. Askari wa akiba na walinzi wa majimbo

Wikendi moja ya mazoezi hulipwa kama siku nne. Pensheni huhitaji miaka 20 yenye alama zisizopungua 50 kila mmoja, na kwa kawaida huanza kulipwa ukiwa na umri wa miaka 60. Hesabu alama zako kila mwaka, kwa sababu mwaka wenye alama 48 hauingii kwenye ile ishirini.

12. Kabla ya kuvua gwanda

Fidia ya ulemavu kutoka VA, idara ya askari wa zamani, ni kitu tofauti na pensheni. Haihitaji miaka 20, na haikatwi kodi. Goti lililoharibika, masikio yanayovuma au usingizi ulioondoka baada ya misheni vinaweza kustahili, kuanzia dola 175.51 kwa mwezi kwa asilimia 10 mpaka 3,831.30 kwa asilimia 100 kwa asiye na wategemezi. Lakini kisichoandikwa kwenye faili la matibabu ni vigumu kukithibitisha baadaye. Utamaduni wetu wa kujikaza kiume huwagharimu watu hapa: nenda kliniki maumivu yakiwa bado mapya, hata kama sajini wako ataguna. Maombi ya mapema hupokelewa kati ya siku 180 na 90 kabla ya kuondoka, na anayewahi mara nyingi hupata majibu mapema baada ya kutoka. Hati ya kuondoka jeshini, DD-214, ikague herufi kwa herufi, hasa majina yetu yanayoandikwa kwa mpangilio tofauti kwenye pasipoti na cheti cha kuzaliwa. Fidia hiyo unaendelea kuipata hata ukirudi kuishi Mombasa au Arusha.

Kwa waliofikia pensheni kuna uamuzi wa mwisho, SBP. Bila hiyo, pensheni hufa na mwenyewe. Kwa makato ya asilimia 6.5 ya kiasi ulichokilinda, mjane au mgane wako ataendelea kupata asilimia 55 ya kiasi hicho. Ukitaka kuikataa au kuipunguza, mwenzi wako lazima aridhie kwa saini mbele ya ofisa anayeshuhudia hati, na kama anaishi nyumbani Afrika Mashariki, ubalozi wa Marekani una huduma hiyo. Wake wengine huletewa fomu hiyo katikati ya rundo la makaratasi ya kuhama na kuambiwa ni utaratibu tu. Mama, ukiletewa, usisaini siku hiyo.